Siku Iliyoongezwa Mara Mbili

Prasojo hakuwa mtu wa kutulia kitini. Katika nyumba ya uzazi ya Delanggu, ambako alitunza kumbukumbu kwa miaka ishirini na mitatu, wakunga walimzoea akizunguka na bilauri ya chai mkononi, akisoma matangazo ya ukutani aliyoyabandika yeye mwenyewe, akifungua kabati na kulifunga bila kutoa kitu. Walisema kiti chake kingedumu kuliko jengo. Hakukasirika. Alikuwa ameshakubali kwamba wapo watu wanaofikiri kwa kichwa na wapo wanaofikiri kwa miguu, na kwamba hawa wa pili hawapumziki hata walalapo.

Alikuwa na shahada ya hisabati kutoka chuo cha Yogyakarta. Alipoipata alidhani ingempeleka mbali. Ilimrudisha kilomita arobaini na kitu, mahali alipozaliwa. Akamwoa Wening, akapata binti mmoja, Kinasih, waliyemwita Asih, na akakabidhiwa kompyuta moja yenye kelele pamoja na vitabu arobaini na kimoja vya kumbukumbu za uzazi, aviingize humo kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Alipoimaliza aliyatazama majedwali yake yalivyonyooka, kila mtoto na mstari wake, tarehe kwa tarehe na saa kwa saa, akahisi kitu alichokiona kwa nadra maishani: kwamba amefanya jambo likakamilika.

Tangu hapo kila programu iliyoyagusa majedwali hayo aliiandika mwenyewe, msimbo wake wote, polepole, kwa mashaka mengi. Akitaka kutoa orodha ya watoto wa mwezi fulani aliandika mistari ishirini, akaifuta kumi, akainuka, akazunguka ua, akarudi akaifuta iliyobaki. Bu Nastiti, yaani Mama Nastiti kwa adabu ya huko, mkunga mkuu na mjukuu wa mwanzilishi wa nyumba ile, alimvumilia kwa muda mrefu. Mwaka huu uvumilivu ukamwishia.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kila juma watu wasiopungua kumi walikuja mapokezi kuuliza walizaliwa lini na saa ngapi. Waliitaka weton yao, yaani siku ya juma la kawaida pamoja na siku ya juma la soko lenye siku tano, Pon na Wage zikiwamo. Kila siku ina thamani yake, na wawili wanapotaka kuoana wazee huzijumlisha thamani za wote wawili kabla ya kusema ndiyo au hapana. Kampuni moja ya mjini ilikuwa na programu ya simu inayofanya hesabu hiyo. Iliomba kitu kimoja tu: mlango. Mtu aingize namba ya kadi yake ya uzazi, programu igonge mlangoni kwa Prasojo, hifadhidata ijibu tarehe na saa, basi. Watu wa fani huuita mlango wa namna hiyo API, na kuuchonga kwa mkono kungemchukua Prasojo miezi miwili.

"Hakuna haja ya kuchonga chochote, Pak Pras," Bu Nastiti alimwambia, akimwita baba kwa heshima. "Kuna chombo siku hizi. Unakionyesha hifadhidata, kinajenga milango chenyewe. Mpwa wangu amefungua duka zima la mtandaoni bila kuandika msimbo hata mstari mmoja."

"Na asipoandika mstari, Bu, atajuaje alichokifungua?"

"Atajua kwa sababu kinafanya kazi."

Prasojo alikiingizia chombo anwani ya seva na neno la siri, nacho kikamwonyesha majedwali yake yote kumi na tisa yamejipanga kama wanafunzi gwaride. Aliweka alama ya vema kwenye jedwali moja tu, lile la waliozaliwa, na ndani yake akaruhusu safu mbili tu, tarehe na saa. Kwa hilo alijiona mwangalifu. Akabofya kitufe. Kabla chai haijapoa mlango ulikuwa wazi, una maelezo yake yaliyoandikwa vizuri kuliko ambavyo angeandika yeye. Akaujaribu kwa namba tatu, ukajibu mara tatu. Bu Nastiti akapiga makofi. Prasojo akatoka nje akauzunguka ua mara sita, bila kujua kilichomsumbua. Alijiambia kwamba ni wivu wa fundi aliyeona kiti kilichotoka kiwandani.

Majuma matatu yakapita. Katika muda huo watu mia sita na kumi na mmoja waligonga mlango ule, na mmoja wao alikuwa Bu Kustinah.

Bu Kustinah alikuwa mjane, mfanyabiashara wa mchele, mama yake Danang. Na Danang ndiye aliyemposa Kinasih miezi minne nyuma. Pete ilikuwa imeshavishwa. Ilibaki kuchagua siku ya harusi, kazi ambayo ni ya upande wa mume, na kwa ajili hiyo Kinasih mwenyewe, kwa furaha yake, alikuwa amempelekea mama mkwe kadi yake ya uzazi.

Bu Kustinah alikuja nyumbani kwao asubuhi ya Jumamosi, akaketi barazani, akasifu maua ya Wening, akauliza hali ya goti la Wening, akalalamikia mvua. Chai ililetwa. Hakuigusa. Wening aliiona bilauri ile imejaa hadi ukingoni, akamtazama mumewe, na mumewe akaanza kutembea.

"Pak Pras, mimi ni mtu wa mchele," Bu Kustinah alisema hatimaye. "Nikiambiwa gunia lina kilo hamsini, napima. Si kwamba simwamini muuzaji."

"Ndivyo inavyotakiwa, Bu."

"Mlituambia Asih ni Alhamisi Pon. Nane na saba, kumi na tano. Danang wangu ni Jumatatu Wage, nne na nne, nane. Jumla ishirini na tatu, Tinari, riziki itawatafuta wenyewe. Tukafurahi. Nimepima, Pak Pras. Asih ni Ijumaa Wage. Sita na nne, kumi. Na nane ya Danang, kumi na nane."

Hakulitaja jina la kumi na nane. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Ni Pegat, kukatika: ndoa inayoachana kabla mtoto wa kwanza hajaota meno.

Prasojo alisema kwamba kuna kosa. Asih alizaliwa Jumatano jioni, baada ya jua kuzama, na kwa kuwa jua likizama siku mpya imeingia, huo ulikuwa usiku wa Alhamisi; kwa hiyo Alhamisi Pon. Alikuwapo. Alilizika kondo la nyuma kwa mikono yake na kuliwashia taa, kama ilivyo desturi.

Bu Kustinah aliitoa simu yake, akaisogeza juu ya meza kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha.

"Tarehe tano Septemba. Na cheti cha serikali nimekiona, tarehe tano. Tarehe tano ya mwaka ule ilikuwa Alhamisi. Saa kumi na mbili na dakika kumi, jua limeshazama. Jioni ya Alhamisi baada ya magharibi ni usiku wa nani?"

"Wa Ijumaa, Bu."

"Basi. Jumatano imetoka wapi? Kompyuta inasema Alhamisi. Na kompyuta hiyo inatunzwa na nani?"

Swali hilo la mwisho alilisema kwa upole mno, na kwa upole huohuo akaaga. Angerudi baada ya siku tano, soko la Wage litakaporudi. Kama jambo halijaeleweka, asingependa watoto waumie zaidi. Pete ni kitu kidogo, hurudi mfukoni ilikotoka.

Jioni ile Kinasih alirudi kutoka duka la dawa alikofanya kazi, akakuta tempe ya soya ya kukaanga imepoa na hakuna aliyekula. Danang alikuwa ameshamwambia kila kitu. Danang alikuwa radhi kuoa hata siku iliyolaaniwa, ila hakuwa radhi kuoa bila mama yake kuwapo, na Kinasih, kwa jinsi alivyomjua, hakumlaumu. Alimlaumu baba yake.

"Bapak ulifungua mlango bila kuchungulia uani kuna nini," alisema.

"Nilichungulia, Nduk, mwanangu. Nilifungua safu mbili tu."

"Basi rekebisha. Ni mstari mmoja. Andika tarehe nne, programu itaongeza siku, itatokea Alhamisi, kwisha. Si ndio ukweli?"

Huo ndio ulikuwa ukweli. Asubuhi iliyofuata Prasojo aliufungua mstari wa binti yake, akaweka kidole juu ya ile namba tano ya tarehe, akakaa hivyo mpaka kioo kikazima chenyewe. Sekunde moja ingetosha. Mlango ungejibu sawasawa, na Bu Kustinah angeiona Alhamisi. Angeona pia kwamba jana ilikuwa Ijumaa. Ni nani ambaye asingejua mkono uliopita hapo ni wa nani? Baba mwenye funguo za ghala, binti mwenye upungufu wa mchele. Ukweli ukiingizwa na mkono ule ungenuka kama uongo.

Lakini hata hofu hiyo haikuwa kubwa kuliko nyingine iliyoanza kumpanda taratibu. Aliiuliza hifadhidata wamezaliwa wangapi kati ya magharibi na usiku wa manane. Ikamjibu: elfu tatu mia tisa na kumi na wawili. Kama mstari wa Asih ulikuwa umeandikwa tarehe ya kesho, je, hii mingine? Yote? Baadhi? Ipi? Angeuandika mlango ule kwa mkono wake, alijiambia, angefika kwenye mstari wa tarehe akasimama, kwa sababu yeye husimama kila mahali. Angejiuliza, tarehe hii ni ya nani, ya jua au ya saa ya ukutani? Kisha akajiuliza kama kweli angejiuliza. Alikuwa ameiona tarehe ile kwenye cheti cha mwanawe kwa miaka ishirini na tisa bila kushtuka, maana kwake naye, jioni ile, Alhamisi ilikuwa imeshaingia. Chombo hakikuwa kipofu kuliko yeye. Kilikuwa na haraka tu.

Akaenda kwa Mbah Sumi, bibi aliyemzalisha Wening.

Mbah Sumi, mkunga mstaafu mwenye miaka themanini na minne, alikuwa mbele ya televisheni akitazama mechi ya badminton na kubambua karanga za kuchemsha. Hakugeuka. Prasojo alisubiri seti iishe, akizunguka nyuma ya kiti, mpaka bibi akamwambia achague: akae au akanunue karanga nyingine. Akakaa ukingoni.

Alimuuliza, mtoto akizaliwa Jumatano baada ya magharibi, yeye aliandika tarehe gani.

"Ya Alhamisi. Ulitaka niandike ya jana?"

"Kwa serikali, Mbah, saa kumi na mbili jioni bado ni Jumatano."

"Serikali haikuwamo chumbani. Nilikuwamo mimi na mkeo. Wewe ulikuwa nje unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Na Bu Darmi?"

Hapo Mbah Sumi aligeuka. Yeye na Bu Darmi, marehemu sasa, walipokezana zamu kwa miaka kumi na minane. "Darmi alifuata saa ya ukutani. Elimu ya chuo cha Semarang hiyo. Tulibishana mwaka mzima, tukachoka, tukaacha kuulizana, kila mtu akaandika lake."

"Katika kitabu kimoja?"

"Kulikuwa na viwili? Kila mtu alijua huu mwandiko wa nani. Wewe hukujua?"

Alikuwa ameuona mwandiko. Aliuona kwa miaka minne, ule wa mviringo na ule wa kulala, na alipoiingiza kwenye kompyuta yote miwili ilitoka na sura moja.

Vitabu vilikuwa katika ghala la darini, juu ya shuka za zamani, vikinuka ukungu. Alipanda asubuhi ya siku ya tatu na kukitafuta cha mwaka tisini na sita. Aliupata ukurasa kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Kinasih, mwandiko wa mviringo wa Mbah Sumi, tarehe tano, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Chini yake mtoto mwingine, tarehe tano, saa kumi alfajiri. Chini yake mwingine, tarehe tano, saa tano asubuhi.

Aliisoma mistari ile mitatu mara mbili, kisha akainuka kwa ghafula hata akagonga kichwa kwenye boriti. Jioni ya tarehe tano imeandikwa kabla ya alfajiri ya tarehe tano. Hakuna mkunga anayeandika mtoto ambaye bado hajazaliwa. Jioni ile ilitangulia alfajiri ile. Kwa hiyo ilikuwa Jumatano kwa saa ya ukutani na usiku wa Alhamisi kwa jua. Programu ya simu iliongeza siku moja juu ya siku ambayo Mbah Sumi alikuwa ameshaiongeza. Ushahidi ulikuwapo wakati wote, haukuwa katika maneno wala tarakimu, bali katika mpangilio: nani yuko juu ya nani.

Na mpangilio huo ni yeye aliyeuvunja. Alikumbuka siku yenyewe. Alipomaliza kuingiza kitabu cha mwisho, aliipanga mistari yote kwa tarehe na saa ipendeze, na namba za mistari ya vitabuni akazitupa, kwa kuwa aliziona hazina kazi. Furaha yake ile ya nadra, ya kukamilisha jambo, ilikuwa hiyo.

Mtu mwingine angekifunga kitabu na kwenda nyumbani. Prasojo alikuwa mwanahisabati, au alitaka kuamini hivyo bado, na mfano mmoja haumtoshi mwanahisabati. Alihitaji wa pili. Alijua kwamba Danang pia alizaliwa humo, jioni pia, mwaka tisini na nne. Akakishusha kitabu.

Mwandiko wa mviringo. Tarehe saba Agosti, saa moja kasorobo usiku. Chini yake, tarehe saba, saa tisa alfajiri.

Safari hii hakuinuka. Aliketi juu ya shuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi miguu yake ilitulia. Tarehe saba ilikuwa Jumapili. Ukoo wa Danang ulikuwa umesoma Jumapili jioni kwenye karatasi, ukaongeza siku kama wazee wanavyofanya, ukapata Jumatatu Wage. Lakini Mbah Sumi alikuwa ameshaiongeza. Danang alizaliwa Jumamosi jioni. Yeye ni Jumapili Pon. Tano na saba, kumi na mbili. Na kumi na tano ya Asih, ishirini na saba.

Ishirini na saba nayo ni Pegat.

Siku mbili zilizofuata Wening alimwona mumewe akifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Prasojo hakumwambia mtu. Alijaribu kila hoja. Yeye mwenyewe aliamini hesabu za weton? Alikuwa na shahada; aliwahi kuzicheka. Ila alimwoa Wening siku iliyochaguliwa kwa hesabu hizohizo, na hakuwahi kuthubutu kujua yangekuwaje kwa siku nyingine. Bu Kustinah hakuuliza habari za Danang. Aliuliza za Asih. Anayeulizwa njia ya sokoni halazimiki kueleza na ya makaburini. Kisha alijiona, miaka kumi mbele, katika kila ugomvi mdogo wa watoto wale, akisikia mlango ukigongwa ndani ya kifua chake.

Siku ya soko la Wage Bu Kustinah alikuja kama alivyoahidi. Wening alileta chai na kubaki amesimama. Kinasih alikaa ndani, nyuma ya pazia, na kila mtu alijua yupo pale.

Prasojo aliweka kitabu cha tisini na sita mezani, akakifungua penye mstari wa Asih. Alionyesha tu. Bu Kustinah alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakishusha kwenye wa pili, akakirudisha juu. Alikuwa mtu wa magunia na orodha. Alijua maana ya kilichoandikwa kwanza.

"Jioni kabla ya alfajiri," alisema.

"Mbah Sumi alihesabu kwa jua, Bu. Programu nayo ikahesabu kwa jua. Ikaongezwa mara mbili."

Aliitazama karatasi muda mrefu, kama anayetafuta mahali ilipokwanguliwa. Wino ulikuwa wa zamani kama kila kitu kilichouzunguka. Hatimaye alivua miwani, akainua bilauri, akanywa nusu yake kwa mkupuo mmoja. Nyuma ya pazia kitu kilianguka. Wening akaketi.

Palikuwa pazuri pa kuishia. Prasojo alijua hivyo, na miguu yake ikaanza.

"Kaa, Pak Pras, unanitia kizunguzungu," Bu Kustinah alisema, akicheka kidogo. "Tumeelewana. Mbona unazunguka kama mwenye deni?"

Hakukaa. Aliingia ndani, akampita binti yake bila kumtazama, akarudi na kitabu cha pili, akakifungua palipokuwa na ubua aliouchomeka. Akaweka mikono nyuma.

Bu Kustinah alisoma. Kidole kikashuka mstari mmoja, kikapanda. Alijumlisha mwenyewe, midomo ikitikisika. Wening, ambaye hakuelewa bado, alimwona mgeni wao akizeeka kidogo pale pale kitini.

Alipoanza kusema alizungumza kama anayemsimulia mtu mwingine. Damu ilimtoka sana siku ile ya kujifungua. Siku tatu hakujua usiku wala mchana. Mumewe alikuwa na lori njiani kuelekea Surabaya, na mama mkwe wake alifika Jumatatu, akaichukua karatasi ya mkunga, akahesabu, akasema Jumatatu Wage, na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Kila siku thelathini na tano, Jumatatu Wage ikirudi, alipika uji mwekundu na uji mweupe, akauombea dua, akamlisha mwanawe kijiko cha kwanza. Hata miaka ile Danang alipokuwa mbali jeshini, aliupika na kuugawa kwa majirani.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimempikia siku ya mtu mwingine."

Kisha akamtazama Prasojo, na hapakuwa na upole wa mara ile.

"Kwa nini umenionyesha? Nilikuwa nimeshakunywa chai."

"Sijui, Bu," alisema Prasojo. Akasikia jinsi jibu lilivyo dogo, akaongeza, "Nisingeweza kukaa."

"Wewe hukai hata hivyo."

Mtaani muuzaji wa maandazi alipita akigonga kijisahani chake, akapotea. Bu Kustinah alikisogeza kitabu, si kwa hasira, akakigeuza kifudifudi kama mtu anayelifunika jungu lisiingie nzi.

"Nikuulize, Pak Pras, wewe msomi. Mtoto akazaliwa na mwanamke huyu, akalelewa na yule, atamwita nani mama?"

"Aliyemlea."

"Aliyemlisha. Jumatatu Wage nimeilisha miaka thelathini na mmoja. Hiyo Jumapili yenu haijapata kwangu hata kijiko. Itakuja leo kudai mtoto?" Akaimaliza chai. "Nane na kumi na tano, ishirini na tatu. Nyanyua hicho kitabu, kinaziba sukari."

Wening alilia, ndipo akaelewa kwamba alikuwa karibu kupoteza kitu. Kinasih alitoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaubusu mkono wake. Bu Kustinah alimwambia mashavu yake yamepungua, ale. Alipokuwa akivaa viatu akamwambia Prasojo, bila kugeuka, aufunge ule mlango wake kabla mwingine hajapima.

Aliufunga siku iyo hiyo. Kuondoa alama ya vema kulihitaji bofyo moja, sawa na kuiweka, na wepesi huo ulimkera kuliko kosa lenyewe. Bu Nastiti hakufurahi. Alikubali kwa sharti kwamba Prasojo ndiye atakayewaandikia wale mia sita na kumi na mmoja, naye akawaandikia waliozaliwa jioni mmoja mmoja, akiwaomba radhi na kuwakaribisha waje kutazama kitabu pamoja naye. Wachache walikuja. Wawili kati yao walikuwa wameshaoana. Walisikiliza, wakatazamana, wakamwomba asiitafute mistari yao.

Tangu hapo anaongeza safu mbili katika jedwali lake: namba ya mstari kitabuni, na mwandiko wa nani. Amefika kitabu cha kumi na moja. Anafanya kazi akiwa wima, kompyuta juu ya kabati la faili, na wakunga wamekihamishia kiti chake mapokezi. Siku vitabu vitakapokwisha ataufungua mlango tena, kwa chombo kilekile. Hana tena chuki nacho. Anachokitilia shaka ni kingine. Hajui kama ndoa ya binti yake imesimama juu ya ukweli au juu ya uji, wala hajui ni kipi kati ya hivyo viwili kigumu zaidi.

Kinasih na Danang wanaishi kwa Bu Kustinah, nyuma ya ghala la mchele. Alipokuja kuwatembelea wazazi wake mwezi uliopita, Kinasih alitaja jambo, katikati ya habari nyingine, akimenya kitunguu. Jumatatu Wage mama mkwe alipika uji kama kawaida, sufuria kubwa, majirani wakaitwa. Lakini siku moja kabla, Jumapili Pon, alimkuta jikoni peke yake na kibakuli kidogo cha uji, mwekundu upande mmoja na mweupe upande mwingine. Alikiombea dua, akakiweka dirishani. Hakusema ni cha nani.

"Ukamuuliza?" Prasojo alisema.

"Hapana, Pak. Ningeulizaje?"

Baba yake alitikisa kichwa, akainuka, akatoka uani.